Nani Alijenga Mji Huu? Nyumba, Njia na Magofu ya Kasongo na Kabambare

Mazungumzo ya redio juu ya amani. Yamechapwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji, jamaa zilizohama makwao, na viongozi wa kartie, wa lokalite na wa sheferi.

Salamu za pekee kwenu mliofika Kasongo au Kabambare na mzigo mmoja kichwani na watoto mkononi. Wengine mmetoka Salamabila, wengine mmevuka kutoka upande wa Kongolo na Nyunzu, wengine mmetoka vijiji ambavyo majina yake hayaandikwi kwenye ramani. Salamu pia kwenu machefu na wazee, mnaoamka asubuhi na kukuta mtu mlangoni anauliza: nilale wapi, nilime wapi?

Siku ya leo hatutazungumza juu ya bunduki. Tutazungumza juu ya nyumba, njia, miembe na magofu. Labda utasema: watu wana njaa, ninyi mnazungumza magofu? Subiri kidogo, ndugu. Ugomvi mwingi unaofika mbele ya wazee huku kwetu unaanza na neno moja: "Hapa ni kwetu." Mmoja anasema babu yake ndiye aliyepanda ule mwembe. Wa pili anasema babu yake alikuwa hapa kabla ya mwembe. Wa tatu anaambiwa kwamba yeye ni mtu wa kuja, basi anyamaze. Wote watatu wanaitaja historia, lakini kila mmoja ameshika kipande chake. Basi leo tuviweke vipande pamoja tuone: mji huu ulijengwa na nani?

1. Vijiji vilivyokuwa na mpango

Kuna watu wanaodhani kwamba kabla ya Waarabu na Wazungu, wazee wetu walijenga ovyo tu porini. Si kweli, na ushahidi upo.

Mwezi wa Septemba 1869, msafiri Mwingereza David Livingstone alifika mahali alipopaita Bambarre. Ndipo hapo Kabambare. Alikaa huko muda mrefu, na katika mwaka 1870 alilala muda mrefu kwa sababu ya vidonda vya miguu. Mtu asiyeweza kutembea huangalia sana. Aliandika kwamba vijiji vya Manyema vilipangwa kwa njia zilizonyooka, na kwamba mara nyingi njia zilielekea kutoka mawio mpaka machweo ya jua, ili jua likaushe upesi unyevu wa mvua. Nyumba zilikuwa za pembe nne, kuta zake za udongo uliopigwa vizuri, na paa ziliezekwa kwa majani makubwa yanayofanana na ya mgomba. Na kwenye miisho ya njia palikuwa na nyumba ya wote, mahali pa watu kukutana na kuzungumza.

Msafiri mwingine, Lovett Cameron, alipita mwaka 1874. Yeye alisimulia nyumba zenye kuta nyekundu, zimepangwa kwa mistari mirefu, na katikati ya njia kuna nyumba za mazungumzo, michikichi na ghala za chakula.

Fikiri juu ya hayo, ndugu msikilizaji. Wababu wa Wabangubangu, wa Wazimba, wa Wakusu na wa jirani zao walijua wapi jua linapita, wapi maji ya mvua yanakwenda, na wapi watu wagombane kwa maneno pasipo kutoana damu. Kuacha nafasi ya mazungumzo katikati ya kijiji ni kazi ya amani. Hawakungoja mtu atoke mbali awafundishe kwamba kijiji kisicho na mahali pa kusikilizana hakina maisha marefu.

2. Njia ya misafara na Kasongo ya Tippu Tip

Zamani hizo hizo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakisogea ndani ya nchi. Walitoka Zanzibar na Bagamoyo, wakapita Tabora, wakafika Ujiji, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakashika njia ya Kabambare mpaka Nyangwe na Kasongo. Walitafuta pembe za ndovu. Kabambare ilikuwa kituo katika njia hiyo: msafara ulipumzika, ulinunua chakula, na wagonjwa waliachwa wapone.

Mwaka 1875 hivi, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makubwa. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Humo anasimulia jambo ambalo kila kiongozi wa udongo angepaswa kulijua. Alipofika ng'ambo ya Lualaba, upande wa Lomami, alijitambulisha kwa chefu mzee aliyeitwa Kasongo Rushie kama mtu wa jamaa: alidai kwamba yeye ni mjukuu wa ndugu wa kike wa chefu huyo, aliyetekwa miaka mingi nyuma. Mzee akakubali, akamwachia utawala.

Umesikia? Mgeni mwenye nguvu kuliko wote aliyepata kuingia Maniema, mwenye bunduki mamia, alijua kwamba bunduki peke yake hazitoshi kukaa. Alihitaji jina la mwenyeji, na njia ya kulipata ilikuwa hadithi ya ukoo. Kwa hiyo leo mtu akija mbele yako na hadithi ya ukoo ili amfukuze mwingine, msikilize kwa heshima, kisha uulize maswali.

Kasongo ilikua. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyefuatana na jeshi la Dola Huru ya Kongo, aliiona mwaka 1893 na kuandika kwamba ilishinda hata Nyangwe kwa uzuri. Chumba alichokaa kilikuwa na urefu wa futi 80, yaani zaidi ya mita 24, na upana wa futi 15. Mlango wake ulifungukia bustani ya michungwa. Alikuta vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, ghala zilizojaa mchele, kahawa na mahindi, na bustani za mapera, makomamanga, mananasi na ndizi.

Mchele tunaokula Maniema mpaka leo ulienea kwa njia hiyo. Kiswahili tunachosema hapa kilikuja kwa njia hiyo. Baraza la mbele ya nyumba, lenye kivuli, ambapo mgeni anakaribishwa kabla ya kuingia ndani, ni desturi ya pwani iliyokutana na desturi yetu ya nyumba ya mazungumzo. Zilipokutana zilifahamiana upesi, maana kazi yake ni moja.

3. Nyumba zile zilisimama juu ya nini?

Lakini tusimame hapa, ndugu. Tusisifu michungwa tukasahau aliyeichotea maji.

Nani alipiga udongo wa chumba kile cha futi 80? Nani alilima mchele ule? Kazi nyingi ilifanywa na watumwa, waume kwa wake, waliotekwa katika vijiji hivi hivi vyenye njia zilizonyooka. Vingine vilichomwa. Vingine vilihama na kujificha porini, kama ambavyo ninyi mnaotusikiliza mmelala porini katika miaka yetu hii.

Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe, kando ya Lualaba. Soko lilijaa, na wengi walikuwa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Watu wa wafanyabiashara wakaanza kupiga bunduki. Wengine walikufa kwa risasi, wengine walizama mtoni wakikimbilia mitumbwi. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alirudi Ujiji akiwa na uchungu, na habari hizo zilipofika Ulaya ziliongeza nguvu ya wale waliodai biashara ya watumwa Zanzibar ipigwe marufuku. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873.

Tunasema hayo kwa sababu wako wanaopenda upande mmoja tu. Huyu anasema: "Waarabu walituletea ustaarabu." Yule anasema: "Wangwana ni watoto wa wauza watu, hawana haki hapa." Wote wawili wamekata hadithi katikati. Hao Wangwana walikuwa nani? Wachache walitoka pwani. Wengi sana walikuwa watoto wa Maniema yenyewe: mateka waliokua mjini, wapagazi, askari, mafundi, wanawake walioolewa. Walijifunza Kiswahili, wakavaa kanzu, wengi wakasilimu, wakawa watu wa mji. Damu ya aliyeteka na damu ya aliyetekwa zimechanganyika katika nyumba hizo, mara nyingi ndani ya jamaa moja. Nani leo anaweza kuzichuja?

4. Mji ulioanguka, mji uliohama

Mwaka 1892 vita vilianza kati ya Dola Huru ya mfalme Leopold na wafanyabiashara hao. Jeshi la Dola liliongozwa na Francis Dhanis, lakini wapiganaji wengi walikuwa Waafrika, na chefu Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip, alihamia upande wa Dola pamoja na watu wake. Tippu Tip mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi Zanzibar. Mwanawe Sefu ndiye aliyebaki Kasongo.

Nyangwe ilianguka Machi 1893. Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili 1893. Sefu aliuawa vitani mwaka huo huo. Kabambare, iliyoshikwa na watu wa Rumaliza wa Ujiji, ilianguka Januari 1894. Na Ngongo Lutete alipata nini kwa msaada wake? Septemba 1893 ofisa mmoja wa Dola alimhukumu na kumpiga risasi.

Hinde aliandika kwamba Nyangwe, aliyoikadiria kuwa na watu 30,000 hivi, katika muda mfupi ilibaki nyumba moja kubwa yenye boma. Tafakari, ndugu: mji mzima umekuwa nyumba moja. Watu walikwenda wapi? Walifanya mlivyofanya ninyi. Walibeba walichoweza, wakatafuta jamaa, wakaomba kiwanja mahali pengine.

Kabambare haikupumzika. Mwaka 1898 askari walioasi jeshi la Dola waliiteka tena. Na Kasongo? Kituo cha serikali kilihamishwa, mji mwingine ukakua mahali pengine, na pale pa kwanza pakabaki na jina la Tongoni. Neno hilo maana yake ni mahame, mahali palipokuwa na watu wakaondoka. Huko pwani, karibu na Tanga, kuna Tongoni nyingine, yenye magofu ya msikiti na makaburi ya karne nyingi. Jina moja, na habari moja: hapa palikuwa na watu.

Kwa hiyo, ewe mkaaji wa Kasongo unayemwita mwenzako mtu wa kuja, jua kwamba hata mji wako ulihama. Mji wenyewe ni mkimbizi.

5. Mji wa wakoloni

Wabelgiji walijenga kwa mpango mwingine. Kama kwingineko Kongo, makao ya Wazungu yalitengwa na sité ya Waafrika. Nyumba za serikali zilipewa matofali ya kuchoma, paa refu na varanda pana. Sité ilipewa mistari ya viwanja, na mkaaji alijenga kwa udongo na nyasi.

Misioni nazo zilipewa nafasi kubwa. Mkataba wa mwaka 1906 kati ya Dola Huru na Vatikani uliahidi misioni ardhi, hektari 100 mpaka 200 kwa kila moja, na misioni ziwe na shule. Ndiyo sababu kiwanja cha misioni mara nyingi ni kipana kuliko kartie nzima. Kasongo ikawa makao ya askofu, na mwaka 1959 ikafanywa jimbo. Waislamu, ambao ndio waliokuwa wengi katika mitaa ya zamani, walitazamwa na serikali ya kikoloni kwa wasiwasi, na shule zao za Kurani hazikupata msaada kama ule.

Reli nayo ina neno lake. Njia ya reli kutoka Kindu mpaka Kongolo, iliyokamilika karibu na mwaka 1911, ilijengwa upande wa magharibi wa Lualaba. Kasongo na Kabambare ziko mashariki. Mji uliokuwa njia panda ya misafara ukajikuta kando ya njia. Ukiona majengo ya zamani yamechakaa na mapya ni machache, usidhani watu wetu ni wavivu. Barabara ikifa, fundi anakosa saruji, mkulima anakosa mnunuzi, na paa linakosa bati.

6. Tangu uhuru mpaka leo

Baada ya uhuru, maasi ya mwaka 1964 yalipita hapa. Kisha vita ya 1996 na 1997. Kisha vita ya 1998 mpaka 2003, ambapo wenye bunduki mmoja alishika mji na mwingine akashika vijiji, na raia walikuwa kati. Kisha Salamabila, ambapo dhahabu ya Namoya iliyopaswa kujenga nyumba ilifukuza watu nyumbani. Kisha ugomvi wa Watwa na Waluba upande wa Tanganyika, uliosukuma jamaa nyingi mpaka kwetu.

Kila vita iliacha alama kwenye ujenzi. Angalia pande zote. Nyumba yenye tofali bichi, haijapigwa lipu, mwenyewe anasema, "Nitamaliza amani ikija." Milango iliyotolewa usiku ikawa kuni. Shule iliyolalwa na watu, madawati yakachomwa kupikia. Na mwisho wa sité, vibanda vya nyasi na shiti za plastiki, vimebanana, bila njia na bila choo cha kutosha. Mtu aliyejenga vibanda hivyo ni fundi huyo huyo aliyejenga nyumba nzuri kijijini kwake. Hakupoteza ufundi wake njiani. Aliyopoteza ni udongo wa kujengea na uhakika wa kesho.

7. Fundisho kutoka mbali

Si sisi tu tunaouliza maswali haya. Kuna taifa linaloitwa Wakurdi, ambao wanaishi Uturuki, Iraki, Irani na Siria. Katika mji wao wa Erbil, nchini Iraki, kuna kilima chenye urefu wa mita 30 hivi, na juu yake mji wa kale wenye ukuta wa nyumba. Watu wamekaa hapo maelfu ya miaka, kizazi juu ya kizazi, hata kilima chenyewe kikainuka kwa udongo wa nyumba zilizoanguka.

Katika karne ya 20 matajiri walishuka, wakajenga chini kwenye barabara za magari. Walioingia katika zile nyumba za zamani walikuwa maskini, na wengi wao walikuwa watu waliohamishwa na vita, ambao vijiji vyao vilibomolewa. Mwaka 2007 serikali ilitaka kuzitengeneza nyumba hizo. Jamaa zaidi ya 800 ziliondolewa na kupewa viwanja kwingine. Jamaa moja iliachwa ikae, ili isije ikasemwa kwamba mji huo uliachwa na watu. Mwaka 2014 kilima hicho kiliandikwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza: watu waliohama ndio waliokuwa wakikaa ndani ya urithi wakati wengine walipouacha. La pili: mnaweza kuokoa kuta mkabaki na mji usio na moshi wa jiko. Sisi tusifanye hivyo. Tunataka kuta na watu pamoja.

8. Sasa tufanye nini?

Mwanzo, juu ya Tongoni na mahali pengine pa kale. Kuanzia mwaka 2018 watafiti Wakongo pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitembelea Tongoni na mahali pengine pa kale, wakasikiliza wazee na kuchunguza udongo. Hiyo ni kazi njema. Lakini mlinzi wa kweli ni jirani. Usichimbe kutafuta mali iliyofichwa. Usibebe mawe na vigae vya zamani ukajengee choo. Kipande cha chungu kikibaki mahali pake kinaeleza nani alikaa hapo na lini. Kikitolewa kinakuwa takataka. Tena nchi yetu ina sheria ya Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni, na kuchimba mabaki ya kale kunataka ruhusa. Kiongozi anayekataza uchimbaji ana sheria nyuma yake.

Pili, juu ya kugawa viwanja. Sheria ya Julai 1973 inasema kwamba udongo ni mali ya Serikali, na raia anapata haki ya kuutumia. Desturi nayo inampa chefu neno. Basi wewe chefu, kabla hujamwonyesha mtu mahali pa kujenga, tembea hapo kwa miguu. Chukua mzee mmoja wa hapo, mama mmoja wa hapo, na mama mmoja wa wale waliohama. Mama anajua kisima kiko wapi na njia ya kuni inapita wapi. Wekeni alama kwenye makaburi, kwenye chemchemi, kwenye njia za zamani na miti mikubwa. Penye alama hapagawanywi. Ukifanya hivyo leo umezuia kesi kumi za kesho.

Tatu, msiwajenge waliohama mahali pamoja tu, mwisho wa sité. Mji wenye upande wa "wetu" na upande wa "wale" unamrahisishia kazi mchochezi, maana anajua moto auwashe wapi. Penye nafasi kati ya nyumba, mchanganye watu. Na acheni uwanja wa wazi, hata mdogo, wenye mti na magogo ya kukalia. Wababu walifanya hivyo kabla ya 1869. Hauhitaji fedha za shirika.

Nne, ninyi mliohama. Mnapopewa mahali, ulizeni historia ya mahali hapo kabla ya kukata mti. Mwembe wa zamani si kuni tu. Katika njia za misafara, tangu Ujiji mpaka huku, miembe ndiyo inayoonyesha watu walipita na kukaa wapi. Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maneno hayo mawili yanakwenda pamoja. Mwenyeji akutazame kama msaada uliomfikia, na wewe ushike jembe.

Tena lipo jambo moja ambalo twawaomba mlifanye juma hili. Kaeni jioni na watoto wenu, mchukue karatasi, au kama hakuna karatasi basi kijiti na vumbi, mchore kijiji mlichokiacha. Njia kuu ilipita wapi? Nyumba ya jirani ilikuwa upande gani? Shamba la mihogo liliishia kwenye mti gani? Makaburi yako wapi, na majina ya walalao humo? Mkiwa mmetoka kijiji kimoja watu kadhaa, chorni pamoja, mkubaliane. Vita vikiisha na mkirudi, nyasi zitakuwa zimefunika kila kitu, na wajanja watakuja na mipaka mipya. Mchoro mliokubaliana mkiwa hapa, mbele ya mashahidi, utawasaidia kurudi bila kugombana. Na mtoto aliyezaliwa ukimbizini atajua kwamba kwao si neno tu; kwao kuna njia, mti na mlango.

Tano, sisi sote tuwaambie watoto hadithi nzima. Tongoni ni ya aliyelala kwenye kitanda cha kuchongwa, na ni ya aliyekichonga akiwa hana uhuru. Ni ya mwanamke aliyetekwa na ni ya mjukuu wake aliyezaliwa Mngwana. Ni ya askari wa Ngongo Lutete na ya wapishi wa Sefu. Mtu akikuambia kwamba jengo la kale ni karatasi yake ya kumfukuza jirani, mwulize: ni nani kati ya hao aliyekuachia karatasi hiyo?

Ndugu wasikilizaji, tulianza na swali: nani alijenga mji huu? Mmesikia. Ulijengwa na wenyeji waliojua jua linakopita, na wageni waliokuja na mbegu za mchele, na mateka waliobeba udongo, na misioni, na wapagazi, na wakimbizi wa kila vita. Hakuna hata mmoja aliyeujenga peke yake. Na anayeujenga leo yuko kibandani mwisho wa sité, anangoja aonyeshwe mahali.

Mbaki na amani, na mkisha kusoma karatasi hii msiifungie karanga, mpeni jirani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kartie yako, ni mahali gani pa kale ambapo watu wote wanapaheshimu? Nani anapatunza?
2. Jamaa yako ilifika hapa lini, na ilitoka wapi? Kila mmoja aseme bila kuona haya na bila kujivuna.
3. Je, waliohama wanaalikwa kwenye baraza wakati viwanja vinapogawanywa? Kama hapana, nani atawaalika, na kuanzia siku gani?
4. Ni majina gani ya dharau tunayotumia kwa "watu wa kuja", kwa Wangwana, au kwa watu wa kijijini? Tunaweza kuyaacha?
5. Uwanja wa mazungumzo wa kartie yetu uko wapi? Kama haupo, mti gani unaweza kuwa mwanzo wake?